Kuwasili Si Kuasili: Uhakiki wa Kitabu "A Long Way Home" na Sinema ya "Lion"

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Methali hii yamtosha mtoto aliyezaliwa nyumbani, akaizoea tangu siku ya kwanza sauti ya mama atakayemlea. Lakini yuko mtoto mwingine ambaye methali haikumtaja: yule aliyefundishwa kusema na mama mmoja, kisha akachukuliwa ng'ambo ya bahari akalelewa na mama mwingine, wala mama huyo haijui lugha yake. Malezi ya mtoto huyo yana mlango wake wa pekee, nao ni miezi ile ya kwanza ambayo mzazi na mwana hutazamana pasipo neno la kuwaunganisha.

Makala haya yanakusudia kuutazama mlango huo kama ulivyoelezwa katika kitabu A Long Way Home cha Saroo Brierley, kilichotolewa mwaka 2013, na katika sinema ya Lion iliyotengenezwa kutokana na kitabu hicho mwaka 2016 chini ya uongozi wa Garth Davis. Hoja yetu ni moja. Kazi hizi mbili, na hasa sinema, zimeeleza vizuri sana jinsi mtoto alivyopotea na jinsi alivyopata njia ya kurudi. Lakini zimepita mbio mahali pale ambapo mtoto alipoteza lugha yake, na bila ya mahali pale hadithi yenyewe haieleweki sawasawa.

Kwa faida ya msomaji asiyekisoma kitabu, yafaa tueleze kisa kwa ufupi. Saroo alizaliwa katika mji wa Khandwa, India ya kati, akakulia katika mtaa wa maskini uitwao Ganesh Talai. Mwaka 1986, akiwa na umri wa miaka mitano hivi, alifuatana na kaka yake Guddu hadi stesheni ya Burhanpur. Kaka akaenda shughuli zake. Mdogo akalala juu ya benchi. Alipoamka hakumwona mtu, akaingia ndani ya gari la moshi lililokuwa limesimama, akalala tena. Gari likaondoka naye likamfikisha Kalkuta, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,200. Alihangaika katika njia za mji ule karibu na stesheni ya Howrah, akaokotwa, akatiwa katika makao ya watoto, na mwaka 1987 akachukuliwa na Sue na John Brierley wa Hobart, katika kisiwa cha Tasmania, Australia. Alipokuwa mtu mzima aliifuata reli kwa jicho juu ya picha za dunia zilizopigwa kutoka angani, zipatikanazo katika programu ya Google Earth. Mwaka 2011 aliutambua mji wake, na mwaka 2012 akaenda akamkuta mama yake mzazi yu hai.

Tuanze na sifa, kwa maana kazi hii inastahili sifa. Nusu ya kwanza ya sinema ni miongoni mwa picha bora za upweke wa mtoto, na ubora wake umetokana na lugha. Mtoto anasema Kihindi. Mji wa Kalkuta unasema Kibengali. Anawapigia watu kelele, wanapita. Analitaja jina la kwao kwa kadiri ulimi wake unavyoweza, na wakubwa wanatazamana: hakuna mahali paitwapo hivyo. Watengenezaji hawakumrahisishia mtazamaji kwa kuwasemesha watu wote lugha moja. Wamewaacha waseme Kihindi na Kibengali, na mtazamaji wa Ulaya au wa Afrika naye anaonja kidogo hofu ya kusikia sauti nyingi asizozifahamu. Sunny Pawar, mtoto aliyemwigiza Saroo mdogo, anasema machache, lakini kila neno lina uzito kwa sababu tunaona namna linavyogonga ukuta na kumrudia mwenyewe.

Basi mtu angetazamia kwamba mtoto huyu atakapofika Hobart, mahali ambapo hapana Kihindi wala Kibengali ila Kiingereza tu, ukuta ule utazidi kuwa mrefu. Katika Kalkuta alikuwa mbali na lugha yake kwa hatua moja, maana Kibengali na Kihindi ni ndugu, na watu wengi wa mji ule wanafahamu Kihindi. Katika Tasmania alikuwa mbali nayo kwa bahari nzima. Lakini ajabu ni kwamba hapa ndipo sinema inaposahau lugha. Kabla ya safari tunaonyeshwa watoto wakifundishwa mambo ya mezani kwa Kiingereza. Kisha mtoto anafika, anapokewa kwa upole, anaingizwa katika nyumba yenye vitu asivyopata kuviona, na baada ya muda mfupi analetwa mtoto wa pili kutoka India. Mara sinema inaruka miaka ishirini, na Saroo anatokea kijana mrefu, mchangamfu, mwenye Kiingereza cha Kiaustralia kisicho na doa. Ukuta uliokuwa mrefu Kalkuta umegeuka Hobart kuwa pazia jepesi lililojifungua lenyewe.

Katika sehemu hiyo fupi mna tendo moja ambalo tungependa lingalipewa nafasi zaidi. Mama mlezi anamwogesha mtoto, na huku anamwogesha anamwambia kwa Kiingereza kwamba anajua mambo hayakuwa mepesi kwake, na kwamba siku moja atamweleza yote, naye yuko tayari kumsikiliza. Mtoto anamtazama. Watazamaji wengi hutokwa na machozi hapa kwa wema wa mama. Nasi hatuukatai wema huo. Lakini tuitazame hali ilivyo: mama anaahidi kusikiliza kwa lugha asiyoifahamu anayeahidiwa, na siku mtoto atakapoweza kumjibu kwa lugha hiyo, ile lugha ambayo mambo yenyewe yalitukia itakuwa imekwisha kumtoka. Ahadi imetolewa kwa moyo safi, wala haiwezi kutimizwa kwa ukamilifu. Huo ndio msiba wa kweli wa miezi ya kwanza, na sinema imeugusa kwa ncha ya kidole ikauacha.

Kosa la pili limefungamana na la kwanza. Sinema imegawa watoto wawili wa nyumba ile katika mafungu mawili. Ndugu aliyekuja baadaye anajipiga, anapiga kelele, hatulizwi. Saroo ni mkimya, mtiifu, mwepesi kutabasamu. Mtazamaji anaongozwa kuamini kwamba shida za kumlea mtoto wa ng'ambo zimemwangukia mmoja, na mwingine amesalimika. Lakini wanaoshughulika na watoto hao wanajua kwamba kimya si dalili ya amani sikuzote. Mtoto aliyepoteza watu wake mara mbili au tatu hujifunza upesi kwamba usalama wake umo katika kuwapendeza wakubwa. Hula anachopewa, pengine akaficha kipande cha mkate chini ya mto, hucheka wanapocheka, hulala akiwa amekaza mwili. Wenyeji husema, "Amezoea mara moja." Kumbe hajazoea, anachungulia. Yule anayepiga kelele angalau ametoa habari zake, japo kwa lugha ya mwili. Mkimya hakuna aliyemwuliza.

Hapa mtu aweza kusema kwamba mtoto wa miaka mitano hana lugha ya kutosha ya kupoteza. Ni kinyume chake. Mtoto wa umri huo anamiliki sarufi ya lugha yake karibu yote: anatania, anadanganya, anaomba, anaapa. Tena uchunguzi wa wataalamu umeonyesha jinsi mali hiyo inavyoweza kumtoka. Mwaka 2003 Christophe Pallier na wenzake walitangaza matokeo ya uchunguzi wa watu wazima 8 waliozaliwa Korea, wakachukuliwa na jamaa za Kifaransa walipokuwa na umri wa kati ya miaka 3 na 8. Watu hao hawakuweza kutambua sentensi za Kikorea kuliko Wafaransa wasiopata kukisikia, na picha za bongo zao hazikuonyesha tofauti yo yote. Lakini mwaka 2014 uchunguzi mwingine, uliofanywa Montreal na Lara Pierce na wenzake, ulionyesha kwamba wasichana waliotolewa China wangali wachanga, wasiojua tena Kichina hata neno, bongo zao ziliipokea toni ya Kichina kama za wasemaji wa Kichina. Na mwaka 2017 Jiyoun Choi, Mirjam Broersma na Anne Cutler walieleza kwamba watu waliozaliwa Korea na kulelewa Uholanzi walijifunza upya konsonanti za Kikorea kwa wepesi kuliko Waholanzi wenzao. Maana yake ni kwamba lugha ya kwanza hufukiwa, wala haiondoki yote. Mwenye lugha hawezi kuitumia, lakini amelala juu yake kama mtu aliyejenga nyumba juu ya kisima.

Na katika kisa cha Saroo, kisima hicho kilikuwa na maji. Tuyatazame majina matatu ambayo kitabu kinayataja. Mtoto aliukumbuka mtaa wao kwa jina la "Ginestlay". Jina la kweli ni Ganesh Talai. Stesheni alikopotelea aliikumbuka kwa jina la "Berampur". Jina la kweli ni Burhanpur. Na jina lake mwenyewe, alilolitumia miaka yote kama Saroo, lilikuwa Sheru, maana yake simba, nalo ndilo lililoipa sinema jina lake. Msomaji wa kawaida huyaona haya kuwa makosa matatu ya mtoto. Mwanafunzi wa lugha huona jambo jingine: makosa haya yana kanuni. Sauti ya "sh" ya Ganesh imekuwa "s", na ile ya Sheru imekuwa "s" vilevile. Nani mzazi asiyepata kumsikia mtoto akisema "samba" kwa "shamba"? Irabu iliyokuwa katikati ya "t" na "l" imemezwa. Katika Burhanpur, "h" imedondoka na "n" iliyotangulia "p" imekuwa "m", jambo ambalo kila mwanafunzi wa lugha za Kibantu analijua kama alijuavyo jina lake.

Hatusemi kwamba mtu angalimrudisha mtoto kwao kwa kanuni hizi peke yake. Huenda baadhi ya mageuzi yalifanywa na kumbukumbu ya mtu aliyekaa na Kiingereza kwa miaka ishirini na mitano, wala si ulimi wa mtoto. Na katika India miji yenye majina yanayofanana na Berampur ni zaidi ya mmoja. Tunalosema ni kwamba katika miezi ile ya kwanza, ulimi ulipokuwa ungali na Kihindi chake, mtu mwenye kukijua Kihindi, aliyezoea usemi wa watoto, angaliweza kusikia jina la Ganesh ndani ya "Ginest", maana Ganesh ni jina la mungu ajulikanaye katika kila nyumba ya Kihindu. Kila mwezi uliopita uliipunguza nafasi hiyo. Na hata mwisho wa yote, picha za kutoka angani zilimwonyesha reli na stesheni na tangi la maji, lakini kilichomthibitishia kwamba ameupata mtaa wao ni jina: aliwauliza watu wa Khandwa kwa njia ya Facebook, wakamtajia Ganesh Talai. Sinema inaisifu mashine. Kisa chenyewe kinalisifu neno.

Kitabu kimemshinda mwenzake katika jambo hili, nasi hatuna budi kukitendea haki. Humo tunasoma kwamba mama mlezi alitundika ramani ya India katika chumba cha mtoto, na kwamba mtoto alipoweza Kiingereza cha kutosha, alimsimulia habari za kwao, naye akaziandika katika daftari pamoja na ramani ya mtaa iliyochorwa kwa maelezo yake. Ni tendo la hekima kubwa, na bila hilo huenda kumbukumbu zingalipotea zote. Hata hivyo msomaji aone kwamba daftari lile ni tafsiri. Mtoto alingojea mpaka alipopata lugha mpya ndipo akaweza kusikilizwa, na katika kungojea huko maneno ya asili yalikuwa yamekwisha kulegea. Mwandishi hakukaa juu ya jambo hili. Amelipita kwa shukrani. Shukrani ni haki yake. Lakini mhakiki ana haki ya kuuliza ni nini kilichotokea kati ya siku ya kufika na siku ya daftari.

Watetezi wa sinema watajibu kwamba muda wa saa mbili hautoshi kila kitu, na kwamba hadithi ni ya kurudi, si ya kufika. Jibu hili lina nguvu, lakini sinema yenyewe imelibatilisha. Karibu na mwisho Saroo mtu mzima anamwambia mama mlezi kwamba yeye na ndugu yake hawakuwa kurasa tupu walipokuja kwake. Ni neno zito, na ni neno la kweli. Ila linatushtukiza, kwa sababu sinema haikutuonyesha ukurasa ule ukifutwa. Laiti tungaliona asubuhi moja tu ambayo mtoto anataka kusema neno la Kihindi akalikosa, na la Kiingereza hajalipata, tungalielewa kwa nini kijana mwenye mapenzi yote ya nyumbani anakosa usingizi akizifuata reli. Tungalielewa pia uchungu wa mwaka 2012, mama mzazi na mwanawe walipokumbatiana wakahitaji mkalimani. Kwa mtazamaji wa sasa mkalimani yule ni ajali ndogo ndani ya furaha kubwa. Kwa kweli yeye ndiye hesabu ya miezi ile iliyorukwa.

Jambo hili linatuhusu sisi watu wa Kiswahili kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya msamiati. Wazee walikuwa na "mtoto wa kupanga" na "mtoto wa kulea". Sheria na magazeti ya siku hizi yana "kuasili mtoto". Neno hili limetokana na "asili", nalo kwa nia njema linasema kwamba mtoto anafanywa kuwa wa asili ya nyumba mpya. Lakini mtoto wa miaka mitano anayo asili tayari, na methali yatuambia kwamba mwacha asili ni mtumwa. Je, mtoto ambaye hakuiacha, bali imemtoka pasipo kuulizwa, tumwite nani? Hatushauri neno litupwe. Limekwisha kuenea, na ni zuri. Twashauri tu wafasiri na wanasheria wakumbuke kwamba kuasili kwa haki ni kuongeza asili ya pili, si kuing'oa ya kwanza. Waislamu wa pwani wana jambo la kutufunza hapa: kwa sheria yao mtoto wa kulea hubaki na nasaba ya baba yake mzazi, hata akilelewa kwa mapenzi yote ya nyumba nyingine. Jina halihamishwi na malezi.

Njia ya pili ni ya watu. Watoto wametoka Kongo, Kenya na Tanzania kwenda kulelewa Ulaya na Marekani, na wengine miongoni mwao waliondoka na Kiswahili kinywani. Serikali za Kongo na Kenya zilizuia safari hizo, ya kwanza mwaka 2013 na ya pili mwaka 2014, kwa sababu za ulinzi wa watoto, wala si shauri la makala haya kuamua ubishi ule. Lakini kwa wale waliokwisha kwenda, mtu wa lugha ana la kufanya. Aweza kutengeneza orodha fupi ya maneno ya nyumbani kwa wazazi wasiojua Kiswahili: nina njaa, naogopa, kunauma hapa, nataka kulala na taa, mama yuko wapi. Aweza kumsikiliza mtoto katika wiki za mwanzo na kuandika majina anayoyataja kama anavyoyatamka, bila ya kuyasahihisha. Karatasi kama hiyo ingekuwa na thamani kuliko picha nyingi.

Tumalizie kwa maneno mawili ambayo sikio la haraka huweza kuyachanganya. "Kuwasili" na "kuasili" yote mawili yametoka Kiarabu, lakini kila moja lina mzizi wake: la kwanza ni la kufika, la pili ni la shina na chanzo. Mtoto wa Hobart aliwasili kwa siku moja ya mwaka 1987, na sinema ikadhani kwamba siku ile imemaliza kazi. Kitabu kilijua zaidi, ila hakikusema kwa sauti. Mwandishi mwingine atakapokuja kuandika juu ya mtoto kama huyu, kwa Kiswahili au kwa lugha nyingine, tunamwomba akae kidogo katika chumba kile chenye ramani ukutani, wakati taa ingali inawaka, na mtoto yu macho, na hakuna mtu nyumbani ajuaye jina lake linavyotamkwa.